Historia ya Kishale na Kupepesa Kwake

Kila mwanafunzi aliyepata kuketi mbele ya tarakilishi anakijua kile kishale kidogo kinachofuata mwendo wa mkono wake juu ya kioo. Hukitazama mchana kutwa asikifikiri, kama vile mwandishi asivyofikiri juu ya ncha ya kalamu yake. Lakini kalamu ikianza kuruka wino, macho yote huigeukia. Na kishale nacho, siku kinapoanza kupepesa, yaani kuzimika na kuwaka bila kuamriwa, kazi yote husimama. Macho huuma, mkono husita, na mwenye mtambo hunung'unika kwamba mtambo wake umezeeka na haufai tena. Mara nyingi hunena uwongo asioujua. Mtambo ni ule ule wa jana. Kilichobadilika ni programu inayouamrisha, na amri mpya hazikupatana na desturi zake za kale.

Katika kurasa hizi nakusudia kueleza asili ya kishale, sababu za kupepesa kwake, na namna mafundi wa mfumo wa Linux walivyohangaika nacho katika mitambo mikongwe. Nimeuchagua mfumo huo kwa kuwa maandishi yake yote yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Tena kwa kuwa mitambo iliyotupwa na wengine aghalabu hupata makao kwake. Tarakilishi nyingi zilizofika katika shule zetu mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa katika afisi za ng'ambo. Habari hii yazihusu hizo hasa.

Kishale kina umri mkubwa kuliko wadhanivyo wengi. Katika mwaka wa 1952, wahandisi watatu wa Kanada, Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor, waliokuwa wakiunda mtambo wa DATAR kwa ajili ya jeshi la wanamaji la nchi yao, walitumia mpira wa mchezo wa kuangusha vigingi ili kuongoza alama juu ya kioo cha rada. Mpira ulizungushwa kwa kiganja, na alama ikaenda. Miaka kumi na miwili baadaye, yaani katika mwaka wa 1964, huko Menlo Park katika jimbo la California, Douglas Engelbart alibuni, na mwenzake Bill English akaunda, kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na waya nyuma mfano wa mkia. Kikaitwa kipanya. Tarehe 9 Desemba, 1968, Engelbart alikionyesha mbele ya mkutano wa wataalamu katika mji wa San Francisco, na wasikilizaji wapatao elfu moja wakaona kwa mara ya kwanza alama ikitii mkono wa mtu aliyeketi mbali na kioo. Yeye na wenzake hawakuiita alama ile kishale, waliiita mdudu. Jambo hili lachekesha kidogo, kwa sababu neno hilo hilo katika Kiingereza ndilo waliitumialo mafundi kwa kosa la programu. Mdudu wa Engelbart hakuwa kosa. Makosa yalikuja kumfuata baadaye.

Ili tuujue ugonjwa ni lazima tuujue kwanza mwili. Kioo cha zamani, kile chenye tumbo kubwa nyuma, kilichorwa na mwali wa elektroni. Mwali ulianza katika pembe ya juu ya kushoto, ukapita hadi kulia, ukarudi, ukashuka mstari mmoja, ukapita tena, na kuendelea hivyo mpaka chini. Kisha ukapaa juu kuanza upya. Katika kipimo kilichoenea tangu mwaka wa 1987, kile cha VGA chenye nukta 640 kwa mistari 480, kazi hii ilifanywa mara 60 katika kila sekunde. Kwa hesabu kamili mistari ilikuwa 525: mistari 480 iliyoonekana, na 45 isiyoonekana, ambayo ndiyo muda wa mwali kupumzika ukirejea juu. Basi, tukiigawa sekunde katika sehemu elfu, picha moja nzima ilichukua sehemu 16.7, na pumziko lilichukua kama sehemu 1.4 tu. Vioo bapa vya siku hizi havina mwali, lakini kadi ya picha iliyo ndani ya tarakilishi bado hupeleka mistari kwa utaratibu ule ule, mmoja baada ya mwingine, na pumziko bado liko.

Hapa njia ziligawanyika, na namwomba msomaji azishike vyema njia hizi mbili, kwa maana habari yote iliyobaki yazizunguka.

Njia ya kwanza ilifuatwa na mtambo wa Alto, uliotengenezwa mwaka 1973 na watu wa kampuni ya Xerox katika mji wa Palo Alto. Kishale cha Alto kilikuwa na nukta 16 kwa 16, nacho kiliwekwa mahali pa peke yake katika kumbukumbu, mbali na picha nyingine zote. Mtambo wenyewe ulikichanganya na picha wakati mistari ilipokuwa njiani kuelekea kiooni. Ni kama kivuli cha mkono juu ya ukuta: ukuta haupakwi rangi, na mkono ukiondoka hakuna la kusafisha. Kishale cha namna hii nitakiita kishale cha mtambo. Gharama yake ni chuma: ni lazima viungo vyake viwekwe na vilipiwe, na Alto haikuwa mtambo wa kuuzwa madukani.

Njia ya pili ilifuatwa na Macintosh ya mwaka 1984, iliyouzwa kwa dola 2,495. Waundaji wake walitaka kupunguza viungo, wakaamua kishale kichorwe na programu ndani ya picha yenyewe. Kishale cha namna hii nitakiita kishale cha programu. Kukichora kwake kuna taabu ambayo mtoto yeyote aliyepata kubandika karatasi juu ya picha ataifahamu. Kwanza programu huchukua nakala ya nukta zile zitakazofunikwa. Kisha huchora kishale juu yake. Na kishale kinapohama, hurejesha nakala ile mahali pake na kuanza tena mahali papya. Si hilo tu. Programu nyingine ikitaka kuandika mahali pale pale kilipo kishale, ni sharti kishale kiondolewe kwanza, maandishi yaandikwe, kisha kishale kirudishwe, ama sivyo nakala iliyowekwa itakuwa ya uwongo na kishale kitaacha takataka nyuma yake. Bill Atkinson, aliyeandika programu ya kuchora ya Macintosh iitwayo QuickDraw, aliweka amri ya kuficha kishale na amri ya kukionyesha, na mtambo ukawa ukihesabu ni mara ngapi kimefichwa: mwenye kukificha mara mbili hakukiona tena mpaka alipokionyesha mara mbili.

Sasa fikiri juu ya mwali. Kishale chenye mistari 16 hupitiwa na mwali kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikiwa katika nusu hiyo kishale kimeondolewa ili maandishi yapite, picha ile yote itaonekana bila kishale. Ikiwa kimeondolewa na kurudishwa kabla mwali haujafika, hakuna mtu atakayejua. Kupepesa, basi, ni jambo la kukutana kwa saa mbili zisizojuana, saa ya mwali na saa ya programu. Ndiyo maana ni ugonjwa mgumu kuutibu: fundi akija kuutazama hutulia, na akiondoka hurudi, kama jino linalouma usiku na kupoa mbele ya mganga.

Mtambo wa Amiga wa mwaka 1985 ulirudi katika njia ya kwanza, ukikitumia kishale kama mojawapo ya picha ndogo zinazoelea zilizowekwa kwa ajili ya michezo. Tuuache, twende kwenye X.

Mfumo wa X ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani na Bob Scheifler na Jim Gettys, na toleo lake la kumi na moja, ambalo jina lake bado linatajwa, lilitoka Septemba 1987. Kazi yake ilikuwa kuchora madirisha katika mitambo ya namna nyingi. Kwa kuwa haikujulikana ni mtambo upi ungekuwa na kishale chake, waandishi wa X waliweka kishale cha programu kwa ajili ya wote, na ruhusa kwa mwenye kishale cha mtambo kukitumia. Tarehe 25 Agosti, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba alikuwa akiandika mfumo mpya kwa ajili ya tarakilishi za chipu ya 386. Mfumo huo ndio Linux. Mara ukaunganishwa na X, kwa mkono wa chama cha watu wa kujitolea kilichoitwa XFree86, na mafundi wakajikuta mbele ya kadi za picha za kila kabila.

Kila kadi ilihitaji kiendeshi, yaani programu inayojua lugha ya kadi ile peke yake. Lugha yenyewe ni namba zinazoandikwa katika rejista. Msomaji asidhani ni rejista ya mwalimu ya kuita majina, ingawa mfano hauko mbali sana. Rejista ya kadi ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya namba moja, na kila kisanduku kina maana yake. Kimoja husema kishale kiwake au kizimike. Kingine husema picha yake iko wapi katika kumbukumbu. Vingine husema kisimame wapi.

Hapo palikuwa na mtego ambao hesabu ya darasani yatosha kuuonyesha. Katika kadi za S3 za miaka ya 1990, kwa mfano, rejista moja iliweza kuchukua namba 0 hadi 255 tu, hali kioo kilikuwa na nukta nyingi zaidi kwa upana. Kwa hiyo mahali pa kishale paligawanywa katika rejista mbili, moja ikihesabu mafungu ya 256 na nyingine ikihesabu mabaki. Kishale kikiwa katika nukta ya 255, mafungu ni 0 na mabaki ni 255. Kikisogea nukta moja tu kwenda kulia, mafungu huwa 1 na mabaki huwa 0. Lakini rejista mbili haziandikwi kwa pigo moja. Kiendeshi kikiandika mafungu kwanza, kwa kitambo kidogo kadi husoma fungu 1 na mabaki 255, nayo ni nukta ya 511. Kikiandika mabaki kwanza, husoma 0 na 0, ukingo wa kushoto kabisa. Mwali ukipita katika kitambo hicho, mtazamaji huona kishale kikiruka mbali na kurudi, na hawezi kueleza ameona nini. Waundaji wa chipu wengi waliponya jambo hili kwa kuweka rejista ya mwisho: kadi hupokea namba zote ikikaa kimya, na haizifuati mpaka rejista ile iliyoteuliwa iandikwe. Kiendeshi kisichojua ni rejista ipi iliyo ya mwisho, au kinachoandika kwa mpango mwingine, huipoteza faida yote.

Tena rejista za kadi hizo nyingi hazikuwa na mlango kila moja. Kulikuwa na mlango mmoja wa kutaja namba ya rejista, na mlango wa pili wa kutia thamani. Ni mfano wa karani aambiwaye, "Fungua faili la 46," kisha, "Andika hivi." Akitokea mtu wa pili katikati ya maneno hayo akasema, "Fungua faili la 17," maandishi ya mtu wa kwanza yataingia katika faili asilolikusudia.

Na mtu wa pili alitokea. Zamani seva ya X ilisogeza kishale ilipopata nafasi tu, na ikiwa na kazi kubwa ya kuchora kishale kiliganda. Katika toleo la 4.0 la XFree86, lililotoka Machi 2000, waliweka utaratibu mpya: kipanya kikisogea, ishara ilikatiza kazi yoyote iliyokuwa ikifanywa, kishale kikasogezwa papo hapo, kisha kazi ikaendelea pale ilipoachwa. Watu walifurahi, kwa maana kishale kilikuwa laini kama hariri, na jina la utaratibu ule kwa Kiingereza lilitokana na hariri. Lakini kukatiza kazi ya mwingine ni jambo la hatari panapokuwa na karani mmoja na milango miwili. Kila kiendeshi kililazimika kujihadhari, na si vyote vilivyojihadhari. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 2016, ambapo toleo la 1.19 la seva ya X.Org liliuondoa na kuweka mahali pake mfanyakazi wa pembeni mwenye kufuli: wa kwanza akishika kufuli, wa pili hungoja.

Mwaka 2003 ulileta jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko yote katika habari hii, kwa sababu kupepesa kulirudi kwa njia ya urembo. Kabla ya hapo kishale cha X kilikuwa na rangi mbili tu, na kadi nyingi za zamani ziliundwa kwa kufuata desturi hiyo. Toleo la 4.3 la XFree86, lililotoka Februari mwaka huo, liliruhusu vishale vya rangi zote, vyenye kivuli na kingo laini, hata vyenye kucheza kama saa ya mchanga inayogeuka. Vilipendeza. Lakini kadi iliyojua rangi mbili haikuweza kuvionyesha, na seva ya X, isipopata kishale cha mtambo kinachofaa, ilikuwa ikigeukia kishale cha programu bila kumwambia mtu neno. Basi mtu aliyekuwa na tarakilishi ya mwaka 1996 alipanga mfumo mpya, akaona kishale kizuri, na chenye kupepesa. Dawa ilikuwa ni kuchagua tena kile kishale cha kale cha rangi mbili, cheusi na kisicho na madaha. Wangapi walijua?

Hadi wakati huo seva ya X ilikuwa programu ya nje iliyoruhusiwa kugusa rejista za kadi kwa mkono wake, na kiini cha Linux nacho kiliigusa kadi ile ile kwa ajili ya maandishi ya kuwasha mtambo. Nyumba ilikuwa na wapishi wawili na jungu moja. Machi 2009, katika toleo la 2.6.29, kiini kilianza kuchukua kazi hiyo chenyewe, kwa kadi za Intel kwanza, na wengine wakafuata. Viendeshi vikaandikwa upya ndani ya kiini. Kuandika upya ni kazi njema, lakini elimu nyingi ya kiendeshi cha kale huwa haikuandikwa popote ila katika mpango wa mistari yake. Mwenye kuipanga upya kwa uzuri huenda akaibomoa asijue.

Tuchukue sasa mfano mmoja na tumfuate fundi hatua kwa hatua. Intel ilitoa chipu ya 845G mwaka 2002, na ya 865G mwaka 2003. Zilikuwa chipu za bei nafuu zilizobeba kazi ya picha ndani yake, na zilitiwa katika tarakilishi za mezani za afisi kwa wingi sana. Ni za umri ule ule nilioutaja, wa mitambo iliyosafirishwa baadaye kuja kwetu. Mwenye mtambo wa namna hii analeta malalamiko: kishale chapepesa. Fundi afanye nini?

Fundi mpumbavu hufungua maandishi ya kiendeshi na kuanza kubadili mistari. Fundi mwenye akili huuliza kwanza: kinapepesa lini? Jibu la "kila wakati" halikubaliki, kwa kuwa si kweli karibu siku zote. Huketi na kutazama. Akisogeza kipanya polepole juu ya mahali patupu, kishale ki imara. Akikiacha kimesimama juu ya saa inayobadilika kila sekunde, ki imara vilevile. Lakini kikivuka kutoka penye maandishi kwenda penye kitufe, pale ambapo kishale hugeuka umbo kuwa mkono, hupotea kwa kufumba na kufumbua. Naye akifungua ukurasa mzito unaoleta ile saa ya mchanga inayozunguka, kishale hupepesa mfululizo. Hapo tayari amejua mengi: ugonjwa hauko katika kusogea, uko katika kubadili umbo.

Hatua ya pili ni kukata shina la shauri. Katika faili la mipango ya X kulikuwa na chaguo la kumlazimisha mtambo atumie kishale cha programu. Analiweka. Sasa mambo yageuka: kishale hakipepesi kikibadili umbo, bali chapepesa juu ya saa. Ugonjwa mmoja umeondoka na mwingine, ule wa Macintosh tulioueleza, umeingia. Ni ushahidi tosha kwamba kosa la kwanza liko katika njia ya kishale cha mtambo.

Hatua ya tatu ni kuuliza: lilianza lini? Hapa Linux ina chombo cha ajabu. Tangu mwaka 2005 mabadiliko yote ya kiini huwekwa katika daftari la programu iitwayo Git, iliyoandikwa na Torvalds mwenyewe. Ikiwa toleo la zamani lilikuwa zima na toleo jipya ni gonjwa, na kati yao kuna mabadiliko 10,000, fundi hajaribu yote. Hujaribu la katikati. Likiwa zima, kosa li katika nusu ya pili. Likiwa gonjwa, li katika nusu ya kwanza. Huigawa nusu hiyo tena, na tena. Mwenye kujua hesabu ya vipeo ataona kwamba majaribio 14 yatosha, kwa maana mbili ikizidishwa yenyewe hadi mara kumi na nne yapita 16,000. Lakini kila jaribio ni kujenga kiini upya na kuwasha mtambo upya, na katika mtambo wa mwaka 2002 kujenga kiini kwaweza kuchukua saa nyingi. Aghalabu fundi hukijenga katika mtambo mwenye nguvu na kukihamisha. Jambo lisilowezekana ni kuujaribu kishale mahali pengine: hilo ni lazima lifanywe katika mtambo mkongwe wenyewe, na macho ya mtu.

Mwisho hufika katika maandishi yenyewe. Katika kiendeshi cha Intel ndani ya kiini, sehemu ihusuyo vishale vya 845 na 865, kuna elezo fupi lisemalo kwa maana yake kwamba katika chipu hizi mahali pa picha ya kishale hapawezi kubadilishwa ila wakati kishale kimezimwa. Hiyo ndiyo siri yote. Chipu zilizofuata ziliweza kupewa picha mpya kishale kikiwa kinawaka, nazo zikaibadili wakati wa pumziko la mwali. Chipu hizi haziwezi. Kiendeshi hakina budi kuandika sifuri katika rejista ya kuwasha, kisha mahali papya pa picha, kisha ukubwa, kisha mahali pa kusimama, halafu kuwasha tena. Mistari ya picha ikipita katika nafasi hiyo, kishale hakimo.

Aliyejua desturi hii alikiandika kiendeshi kwa uangalifu: hulinganisha kwanza maagizo mapya na ya zamani, na ikiwa lililobadilika ni mahali pa kusimama tu, huandika rejista hiyo moja na kuacha nyingine. Kuzima hufanywa panapokuwa na haja peke yake. Asiyejua desturi hii angeweza, kwa nia njema, kuandika rejista zote kila mara ili maandishi yake yawe mafupi na ya kupendeza, na katika mitambo yake mipya asingeona kosa lolote. Mtambo wa mwaka 2002 ungezima kishale kwa kila hatua ya mkono.

Mtu atauliza, kwa nini basi kila badiliko lisingoje pumziko la mwali, likafanywa hapo gizani? Wazo ni jema, na mpango mkuu wa kiini uliokamilika katika toleo la 4.2 la mwaka 2015 ulisimama juu ya msingi huo: mabadiliko yote ya picha yakusanywe na yatumike kwa pamoja. Lakini kishale kilikataa kutiwa katika mpango huo. Kipanya cha kawaida cha USB hutoa habari mara 125 kwa sekunde, na picha ni 60 tu. Programu za zamani zilizoeleka kutoa amri moja kwa kila habari; kila amri ikingoja picha yake, amri zitajipanga foleni na kishale kitafuata mkono kwa kuchelewa kama mlevi afuataye wenzake. Kwa hiyo kishale kilipewa ruhusa ya pekee ya kutosubiri. Kwa ruhusa hiyo mashaka mengi ya zamani yalirudi, na viendeshi vingi vilirekebishwa katika miaka iliyofuata kwa ajili ya kishale peke yake.

Kadi nyingine yafaa kutajwa. Matrox ilitoa G200 mwaka 1998, na chipu za ukoo wake zikaendelea kutiwa katika seva, zile tarakilishi kubwa za kuhifadhia kazi za wengi, muda mrefu baada ya kadi yenyewe kusahauliwa madukani. Kiini kilipata kiendeshi chake mwaka 2012. Kishale chake cha mtambo hakikuweza kuonyesha zaidi ya rangi 16, hali programu za siku hizi huleta kishale chenye mamilioni ya rangi na uwazi wa kingo. Kuzibana rangi hizo katika kumi na sita kwa kawaida hakutoi picha ya kupendeza. Mwaka 2020 watunzaji walikiondoa kabisa kishale cha mtambo katika kiendeshi hicho, na kuacha kazi kwa kishale cha programu. Sababu yao naielewa. Hata hivyo naona haya kidogo kwa niaba yetu sote: chuma kilichofanya kazi yake barabara kilinyamazishwa kwa kosa la kutojua rangi. Kweli, madirisha ya siku hizi huchorwa kwanza katika ukurasa uliofichwa na kufunuliwa yakiwa tayari, hivyo kishale cha programu hakipepesi kama zamani. Lakini kazi ya ziada huangukia moyo wa tarakilishi, na moyo wa mtambo mkongwe hauna nguvu za kutupa.

Mitambo mingine haikupata hata hukumu hiyo ya nusu. Chipu ya 386, ile ambayo Linux ilizaliwa juu yake, iliachwa katika toleo la 3.8 la mwaka 2013. Aprili 2023, katika toleo la 6.3, viendeshi saba vya namna ya zamani viliondolewa kwa pamoja, miongoni mwao vile vya kadi za 3dfx, Savage, SiS na VIA. Programu za nje zilizovitumia zilikuwa zimekwisha kuondolewa tangu mwaka 2012, na lugha waliyozungumza na kiini ilikuwa ya wakati ambapo usalama haukuhesabiwa sana. 

Kiendeshi cha Intel, pamoja na sehemu yake ya 845 na 865, hakikuwamo katika orodha ile. Elezo lake fupi lilibaki mahali pake, likimwambia kila ajaye kwamba kishale kizimwe kwanza.